Mgongo wa August Ternieden

Watu thelathini na saba walikuwa wamehojiwa, na wote thelathini na saba walikuwa wakioga. Inspekta Lorenz Habbel alizitandaza karatasi za maelezo yao mezani, akazisoma kwa mara ya nne. Nilikuwa naoga. Nilikuwa na sabuni machoni. Nilikuwa nimeinama, nasugua miguu. Ukiyaamini maelezo hayo, basi Jumanne saa nane na nusu mchana kundi zima la kwanza la zamu ya asubuhi ya mgodi wa Adelgunde lilikuwa vipofu watupu, tena vipofu wasafi kuliko manesi.

"Upuuzi," alisema kwa sauti, ingawa chumbani hamkuwa na mtu wa kumsikia.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya tatu. Habbel alitoka Münster, mji ambao watu wake wakidanganya, angalau kila mmoja hudanganya kivyake. Hapa walidanganya kwa pamoja, kama wanavyofanya kila kitu, na hilo lilikuwa linamla roho. Kampuni ilimwazima chumba cha kuhifadhia ramani za zamani. Kilikuwa na kipasha joto kimoja, nacho kilikuwa kinapasha joto ukuta.

Simu ililia. Alikuwa Vahlenkamp, mwendesha mashtaka, mtu asiyesalimia.

"Habbel, saa kumi na moja jioni nampeleka Pawlitzki kwa hakimu. Una kitu cha kuongeza?"

"Nina kitu cha kupunguza. Sidhani kama ni yeye."

"Sijakuuliza unadhani nini. Nina mtu aliyekutwa juu ya maiti, kifua wazi, katika baridi ya Desemba. Nina tishio mbele ya mashahidi Jumatatu: 'August, nitakutupa shimoni.' Na nina silaha."

"Silaha ni brashi ya kuogea."

"Yenye mpini wa mbao."

"Daktari amesema kichwa kiligonga chuma cha ngazi."

"Amesema huenda. Tena nina sababu, Habbel. Mkataba wa kuufunga mgodi ulikuwa siri. Wafanyakazi wote walisikia habari zile redioni saa moja usiku, wakati Ternieden ameshakuwa maiti. Pawlitzki peke yake alijua mapema, kwa sababu mkewe ndiye aliyeupiga chapa. Mtu mmoja alijua, mtu mmoja alikasirika, mtu mmoja aliua. Hesabu ya darasa la kwanza. Saa kumi na moja."

Simu ikakatwa. Habbel alibaki ameishika, akitamani kuirusha dirishani.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba hesabu ile ilikubali. Reinhold Pawlitzki, mchimbaji wa miaka thelathini na mmoja, alikuwa amekaa selo tangu jana asubuhi na hakuwa amejitetea hata kwa neno moja. Ulikuwa unafanya nini kwenye ngazi? Kimya. Brashi ya nini? Kimya. Nani mwingine alikuwepo? Hapo tu ndipo alipoinua kichwa na kusema, "Waulizeni wenzangu."

Wenzake walikuwa wameulizwa. Walikuwa wanaoga.

Nje ya mlango, kwenye benchi la korido, alikuwa amekaa Trude Pawlitzki, mkewe, mpiga chapa wa ofisi ya wilaya ya chama cha wachimbaji. Magotini alikuwa na shati lililopigwa pasi na kopo la supu ya viazi lililofungwa kwa taulo. Alikuwa pale tangu saa mbili asubuhi.

"Bwana Inspekta, mume wangu amekula?"

"Amekula, mama."

"Amekula nini?"

"Sijui. Mkate."

"Mkate wa polisi." Aliliweka kopo sakafuni. "Sikiliza, nisikuzungushe. Nyumba tunayokaa ni ya kampuni. Anayekaa ni mfanyakazi, na anayelala mahabusu si mfanyakazi. Akipewa hati ya kuwekwa mahabusu leo jioni, Jumatatu naletewa barua, na nina watoto watatu. Kwa hiyo usiniambie hujui."

"Basi mwambie mumeo afungue mdomo!" Habbel alijisikia anapaza sauti, akashindwa kuishusha. "Niambie wewe. Brashi ilikuwa ya nini?"

"Unafikiri sijamuuliza? Usiku ule ule, jikoni. Akaniambia, 'Trude, hayo ni mambo ya bafuni.' Nikamwambia mambo ya bafuni gani hayo, mtu kafa! Akalala na viatu."

"Na mkataba ulimwambia lini?"

Trude aliangalia mikono yake. "Jumapili. Nilijua siruhusiwi. Ningefanyaje? Nimekaa na karatasi ile ofisini, watu elfu mbili wanafukuzwa, na wangu mmojawao." Akainua uso. "Mimi nilimpenda Bwana Ternieden. Andika na hilo. Alitusimamia harusi."

Habbel alirudi chumbani na kufunga mlango taratibu, maana alitaka kuubamiza.

Jalada la marehemu lilikuwa nene. Ofisi ya chama ilikuwa imempa wasifu wa kurasa kumi na moja, ulioandikwa kwa ajili ya kusherehekea miaka sitini ya mzee ambaye sasa hangeifikia. August Ternieden aliteremka shimoni akiwa na miaka kumi na minne, kuwaongoza farasi waliovuta makaa. Akawa mchimbaji. Mwaka thelathini na nne mwenzao mmoja aliwataja kwa polisi wa wakati ule watu tisa wa chama kilichopigwa marufuku. Ternieden alirudi kutoka kambi ya wafungwa baada ya miaka miwili, bila meno ya mbele. Baada ya vita alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa baraza la wafanyakazi la Adelgunde, na katika majira ya baridi ya njaa alisimamisha mashine zote mpaka mkate ukaja. Akawa katibu wa wilaya, kisha mwenyekiti. Akakaa meza moja na wenye migodi katika bodi, nusu wao na nusu sisi, kama sheria mpya ilivyotaka. Makaa yalipoanza kulala milima milima bila mnunuzi, aliongoza maandamano na bendera nyeusi.

Na mwezi uliopita, Novemba, alikuwa ametia saini. Adelgunde ufungwe mwezi Machi. Katika kifungu cha mwisho cha makubaliano hayo hayo, kampuni kubwa ya Dortmund ilikubali pendekezo la chama kwamba mkurugenzi wake mpya wa masuala ya wafanyakazi awe August Ternieden. Kutoka kwa farasi mpaka kiti cha ngozi. Miaka arobaini na minne.

Lakini jambo moja halikubadilika. Kila mwaka, wiki ya Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimbaji, mwenyekiti alivua tai, akateremka na zamu ya asubuhi, akachimba kwa saa nane pamoja na timu yake ya zamani, akapanda na kuoga nao. Kampuni ilimpa ufunguo wa bafu la maofisa tangu mwaka hamsini na mmoja. Habbel alikuwa ameuona jana kwenye ofisi yake, umening'inia msumarini na kijikaratasi: Si wangu.

Hapo ndipo pa kumtia mtu wazimu. Ngazi ya chuma iliyomuua ilikuwa nyuma ya ukumbi wa kuogea, vipago kumi na viwili, imejaa barafu kwa mvuke unaotoka dirishani na kuganda. Ngazi ile haikuelekea popote ila mlango mmoja, mlango wa bafu la maofisa. Mtalawanda mmoja wa Ternieden, kiatu cha mbao cha kuogea, ulikutwa juu kabisa mbele ya mlango huo. Wa pili ulikuwa mguuni mwake, chini. Mtu aliyeukataa ufunguo miaka kumi na mitano alikwenda kutafuta nini pale?

Ripoti ya daktari ilikuwa na sentensi moja ambayo Habbel alikuwa ameipigia mstari mwekundu. "Mwili umeoshwa vizuri kwa sabuni, isipokuwa mgongo, kuanzia mabegani hadi kiunoni, umefunikwa na vumbi la makaa. Shati limevaliwa juu yake."

Mstari huo mwekundu ulikuwa umemgharimu asubuhi nzima. Mtu hakumaliza kuoga, alivaa shati haraka, akatoka mlango wa nyuma. Basi mtu alimwita. Nani? Habbel alilipekua daftari la simu la langoni, akamhoji bawabu, akamhoji karani wa taa, akawaamsha maofisa wawili wa zamu ya usiku. Hakuna aliyepiga simu. Hakuna aliyeleta ujumbe. Hakuna ofisa aliyekuwa juu, maana maofisa hupanda baada ya saa tisa. Alikuwa anatwanga maji kwenye kinu, na saa ya ukutani ilimwonyesha saa saba na dakika arobaini.

"Haya," alijiambia, akavaa koti. "Kama wote walikuwa wanaoga, nitakwenda kuwaona wanavyooga."

* * *

Ukumbi wa kuogea ulikuwa mkubwa kama kanisa, na badala ya malaika, darini zilining'inia nguo za watu mia tano, kila moja kwenye ndoano na mnyororo wake. Mzee Schibulski, msimamizi wa bafu, aliketi mlangoni karibu na rundo la mataulo. Mguu wake wa kushoto ulibaki shimoni mwaka wa arobaini na tisa, na tangu hapo kampuni ilimpa kiti.

"Viatu," alisema bila kuinua macho.

"Mimi ni polisi."

"Polisi hana miguu? Vua viatu, mwanangu, hapa watu wanatembea bila viatu."

Habbel akavua. Sakafu ilikuwa ya vuguvugu na inateleza. Saa nane kasorobo kengele ililia, na kundi la kwanza likaingia likiwa jeusi tii, macho meupe, wakisema Glückauf, salamu ya wachimbaji, kushoto na kulia kama watu wanaotema mate. Walipomwona walinyamaza. Kisha mmoja akasema, "Angalieni, Münster imeishiwa maji," na kicheko kikapita chini ya mabomba.

Aliwavumilia. Alisimama pembeni, soksi zikilowa, akatazama. Dakika kumi hakuona chochote ila mvuke na makalio. Kisha akaona.

Walikuwa wamejipanga mstari. Kila mtu alikuwa na brashi mkononi na alikuwa anasugua mgongo wa aliye mbele yake, huku aliye nyuma akimsugua yeye. Kwenye mwisho mstari uligeuka kama nyoka, wa mwisho akawa wa kwanza. Hakuna aliyeomba. Mtu alinyoosha tu mkono nyuma ya bega lake na kipande cha sabuni, bila kugeuka, na mkono mwingine ukakipokea. Kijana Mturuki aliyeanza kazi Oktoba alikuwa anasuguliwa na mzee mmoja aliyekuwa akimwita "wewe, nani hii," na alisuguliwa mpaka akawa mwekundu.

Habbel alirudi mlangoni kwa hatua ndogo ndogo.

"Wanafanya hivyo kila siku?"

"Wanafanya nini?"

"Kusuguana migongo."

Schibulski alimtazama kwa huruma ya kweli. "Ninyi kwenu mnafanyaje? Mnajikuna ukutani kama nguruwe?"

"Na asiye na rafiki?"

"Nani kasema rafiki? Unamsugua aliye mbele yako, basi. Mwaka hamsini na nne Kowalke alimchukua mke wa Bredde. Mgodi mzima unajua. Wakakutana hapa hapa, wamesimama wanafuatana. Bredde akamsugua mgongo, akamsuuza, akampa na taulo. Halafu akamtoa nje akamvunja pua." Alikunja taulo. "Pua ni jambo la mtu na mtu. Mgongo ni kazi. Maofisa ndio wanajisugua wenyewe kule juu, kwa brashi ya mpini mrefu. Maskini."

"Kwa hiyo hakuna anayetoka hapa na mgongo mchafu."

"Hakuna."

"Hata siku moja."

"Miaka thelathini na tisa nimeona mmoja tu. Mwaka thelathini na nne. Yule mshenzi aliyewataja kina August kwa polisi. Hakuna aliyempiga, maana ukimpiga unafungwa. Alikaa wiki nzima anakwenda nyumbani mweusi mgongoni, mkewe anaona shuka, mtaa mzima unaona shuka kwenye kamba. Wiki ya pili alihama..."

Taulo lilibaki mikononi mwa mzee limekunjwa nusu. Habbel hakuwa amesema chochote, lakini uso wake ulikuwa umebadilika, na Schibulski aliuona.

"Nina bomba linavuja," mzee alisema, akachukua mkongojo wake.

"Kaa, mzee. Jumanne, August alikuwa wa ngapi kwenye mstari?"

"Nilikuwa..."

"Usiniambie ulikuwa unaoga!"

Sauti yake iligonga vigae na kurudi. Mabomba yalikuwa yakimwaga maji, na chini yake watu arobaini walikuwa wamesimama na brashi zao hewani. Schibulski akajikongoja, akaenda zake. Habbel hakumzuia. Hasira ilikuwa imemjaa, na sasa alijua anamkasirikia nani. Mstari wake mwekundu aliupiga mahali pake. Kilichokuwa kibovu ni kichwa chake mwenyewe. Ternieden hakukatishwa kuoga. Aliachwa.

* * *

Jupp Hölterhoff, mwenyekiti wa baraza la wafanyakazi, alichimba bega kwa bega na Ternieden miaka kumi na tisa. Alikuwa mtu mkubwa mwenye alama za bluu usoni, pale makaa yalipoingia chini ya ngozi. Habbel alimkuta amekaa kwenye benchi na taulo kiunoni, akijifuta vidole vya miguu kimoja kimoja.

"Bwana Hölterhoff, nakusomea maelezo yako. 'Tulipanda pamoja, tukaoga. Nilimsugua August mgongo kama siku zote. Aliondoka kabla yangu, alikuwa na furaha, anapiga mluzi.' Ni yako?"

"Ni yangu."

"Utaapa?"

"Hata kwa mama yangu."

"Mwache mama yako apumzike." Habbel akatoa ripoti ya daktari, ikiwa imeanza kulowa. "'Mgongo, kuanzia mabegani hadi kiunoni, umefunikwa na vumbi la makaa.' Wewe ni mchimbaji wa miaka thelathini na hujui kusugua?"

Hölterhoff aliendelea na vidole vyake. Habbel aliketi karibu naye kwenye benchi lenye maji, suruali na yote.

"Watu wako wote wamesema walisikia habari za mkataba redioni, saa moja usiku. Kama ni hivyo, saa nane mchana August alikuwa bado ni August, na watu arobaini wangegombea mgongo wake. Hawakuugusa. Kwa hiyo mlijua. Na kama mlijua wote, Pawlitzki si mtu pekee aliyekuwa na sababu. Mnamwacha mwenzenu anakwenda kwa hakimu leo saa kumi na moja ili mfiche nini? Nani alimsukuma?"

"Hakuna aliyemsukuma."

"Nani alimfuata?"

"Andika hivi," Hölterhoff alisema kwa sauti nzito. "Hakuna aliyemgusa."

"Hilo nimeshalisoma mgongoni mwake!"

Mzee aliinama, akaficha uso kwenye taulo. Alipoutoa, alizungumza na sakafu.

"Pawlitzki aliniambia mimi Jumatatu jioni. Aliniomba nimuulize August faragha, kama mtu mzima na mtu mzima. Nikasema sawa. Halafu Jumanne, chini, tumekaa tunakula mkate, nikamuuliza mbele ya wote. Sijui kwa nini. Nilitaka akane mbele ya wote. Hakukana. Akasema, mgodi wangeufunga hata nisipotia saini, mimi nimepata nafasi mia sita migodi mingine na malipo kwa waliobaki. Akasema, Jumamosi nitawaeleza mkutanoni. Mmoja akauliza, na kiti cha Dortmund? Akasema, kiti kile tulikipigania sisi, heri akikalie mtu wetu. Basi. Tukamaliza mkate. Tukachimba mpaka mwisho wa zamu. Hakuna aliyesema neno."

"Na hapa juu?"

"Hapa juu nilikuwa nyuma yake. Mahali pangu siku zote." Alinyoosha mkono wake mkubwa juu ya bega, kiganja wazi. "Akaitoa sabuni hivi. Hakugeuka. August hajawahi kugeuka, alijua nipo. Nikaiangalia. Nikasema moyoni, nitaipokea, acha tu angoje kidogo aionje. Na yule wa nyuma yangu anangoja aone nitafanya nini, na wote wananitazama mimi. Alikaa na mkono hewani, Bwana Inspekta. Hata sijui muda gani. Sabuni inayeyuka inamtiririkia kwenye kiwiko. Mtu aliyelala kambini miaka miwili kwa ajili yetu."

"Halafu?"

"Akaushusha mkono. Akateremsha nguo zake, akavaa shati juu ya uchafu. Hakutoka mlango mkubwa, angetupita wote. Akatoka kule." Alionyesha kwa kidevu mlango mdogo wa nyuma, mlango wa kuelekea ngazi ya chuma.

Kwa hiyo hicho ndicho alichokwenda kutafuta, bafu la watu wanaojisugua wenyewe. Ufunguo alikuwa ameuacha kwenye msumari ofisini, na mlango ule hufunguliwa saa tisa.

"Kwa nini uliniambia ulimsugua?" Habbel aliuliza, na safari hii bila ukali.

"Jumamosi tunamzika. Mjane wake ataniuliza mbele ya watu siku yake ya mwisho ilikuwaje. Ningemjibu nini?" Hölterhoff alifuta pua kwa mkono. "Lakini Reinhold hakumsukuma. Sisi wote tulisimama kama magogo. Yeye peke yake alitoka kwenye mstari. Nilimwambia, rudi hapa. Hakurudi."

"Alitoka na nini?"

Mzee alimtazama kana kwamba swali lenyewe ni la kipumbavu. "Na brashi yake."

* * *

Saa kumi na dakika ishirini na tano Habbel alikuwa kituoni, soksi zake zikiwa bado zimelowa. Mezani aliweka karatasi ya ripoti, akaandika jina la marehemu, akakwama. Watu karibu arobaini walikuwa wamemkosea mtu mmoja kwa pamoja, na hakuna kifungu katika sheria yote ya Ujerumani kinachomlazimisha mtu kusugua mgongo wa mwenzake. Asubuhi alikuwa na mtuhumiwa mmoja asiyefaa. Sasa alikuwa na arobaini wanaofaa, na hakuna kosa la kuwashtaki. Alitupa kalamu.

Simu ililia. Alijua ni Vahlenkamp. Akaiacha ilie, akateremka selo.

Reinhold Pawlitzki alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa shati safi alilopelekewa na mkewe, vifungo vimepishana. Habbel aliweka brashi juu ya meza ndogo katikati yao. Ilikuwa na lebo ya kielelezo imefungwa kwenye mpini kwa uzi.

"Hölterhoff amenieleza," alisema. "Yote. Sabuni, mkono, yote. Huna tena cha kuwafichia."

Pawlitzki aliinua macho kutoka kwenye brashi.

"Jupp mwenyewe kasema?"

"Mwenyewe. Analia."

"Mimi ndiye niliyeyaanzisha," Pawlitzki alisema. Sauti yake ilikuwa kavu, kama mtu ambaye hajaitumia siku mbili. "Trude kaniambia mimi, mimi nikamwambia Jupp. Jumatatu nikamtukana August barabarani, mtu aliyenisimamia harusi. Nilikuwa na hasira, Bwana Inspekta. Hata Jumanne nilikuwa na hasira. Lakini sabuni ile... Nilikuwa mtu wa nne nyuma yake. Nikasema, hapana, jamani, tumpige, tumtukane, tumpigie kura aondoke, lakini hivi hapana. Nikavuta suruali nikatoka."

"Ukamkuta wapi?"

"Juu. Anatikisa kitasa. Mlango umefungwa na yeye anatikisa tu."

"Alikuwa hai."

"Alikuwa hai." Vidole vyake viliigusa brashi, vikarudi. "Nilisimama chini ya ngazi nikamwinulia hii aione. Nikamwita. Nikasema, August, shuka bwana, mgongo nitakusugua mimi."

Nje, kwenye korido, zilisikika hatua za haraka za mwanamke, na sauti ya askari ikimwambia angoje. Habbel hakugeuka.

"Halafu?"

"Akageuka haraka," alisema Pawlitzki. "Alikuwa anacheka, Bwana Inspekta. Aligeuka haraka mpaka mtalawanda ukabaki juu."

Habbel aliutafuna uzi wa lebo kwa meno mpaka ukakatika, maana fundo lilikataa kufunguka, akamsogezea brashi yake.